Ripa Kabla ya Mvua

Baba mdogo alisema neno lake akiwa amesimama katikati ya shamba, akisukumasukuma bonge la udongo kwa ncha ya buti. Ulikuwa mwezi wa kwanza, na mahindi yetu ya mvua fupi yalikuwa yamefika kiunoni yakakwama hapo. Mabua yalisimama yamekauka, mengine yakiwa na kigunzi cha ukubwa wa kidole, mengine bila chochote. Huku kwetu Kieni, Nyeri, mlima unauona vizuri kila asubuhi lakini mvua yake inawashukia wengine, kwa hiyo mahindi kukauka si jambo geni. Ila jirani wa upande wa juu alikuwa amevuna. Hakuvuna sana, lakini alivuna, na mvua ilikuwa ile ile.

"Mmejaribu," baba mdogo alisema. "Hakuna mtu atasema hamkujaribu. Lakini hii shamba imechoka. Kuna mtu wa viazi anaitaka miaka mitano. Ako na trekta zake, ako na pampu ya kutoa maji mtoni. Nyinyi kazi yenu itakuwa kukaa na kungoja kodi."

"Na akishamaliza miaka yake, atatuachia udongo gani?" nilimuuliza.

"Usiniulize maswali kama mwalimu. Wewe shule uliiacha ukaiacha na mlango wazi."

Alijuta kabla hajafunga mdomo, nilimwona. Shule niliiacha kidato cha pili, mwaka ambao mama alimfuata baba kaburini, kwa sababu nyuma yangu kulikuwa na ndugu yangu wa kiume na kitinda mimba aliyekuwa bado anabebwa mgongoni. Baba mdogo ndiye aliyetusimamia mbele ya watu wa ukoo. Kwa hiyo aliposema jambo kuhusu shamba hilo, halikuwa ushauri tu. Angeweza kuleta mtu wa viazi na trekta zake, na hakuna mzee ambaye angemzuia.

"Nipe mvua moja," nilisema. "Hii ndefu inayokuja."

Aliitikia kwa kichwa. "Moja. Ikikataa, mwezi wa nane naleta huyo mtu, na sitaki kelele."

Alipoondoka nilichukua jembe nikaanza kuchimba shimo pale pale aliposimama. Sikuwa na mpango. Nilikuwa na hasira na nilitaka kupiga kitu. Jembe liliingia vizuri mpaka kiasi cha shubiri moja, halafu likaruka na mkono wangu ukafa ganzi. Nikapiga tena. Likaruka tena, likitoa mlio kama mtu anagonga ukuta. Nilipiga magoti nikafuta udongo kwa mkono. Kulikuwa na tabaka gumu, laini juu yake kama sakafu ya nyumba ya mawe, na juu ya sakafu hiyo mizizi ya mahindi yetu ilikuwa imelala. Ilikuwa imeteremka sawasawa, ikafika hapo, ikakunja kona na kutambaa pembeni ikitafuta mahali pa kupita.

Nilileta mtaimbo nikavunja. Tabaka lenyewe halikuwa nene, labda upana wa kiganja. Chini yake udongo ulikuwa mwekundu na mwororo, na ulikuwa na unyevu. Nilichukua donge nikalishika. Mahindi yetu yalikuwa yamekufa kwa kiu juu ya dari ya tangi.

Nilimwita ndugu yangu kutoka kwa ng'ombe wake. Aliangalia shimo, akaangalia mizizi, akasema, "Hiyo ni plau."

Alikuwa amesema kweli. Tangu tukiwa wadogo, kila msimu, trekta ile ile ya kukodi ilikuja na plau yake ya sahani, ikageuza udongo kwa kina kile kile, uzito wake ukikandamiza mahali pale pale. Baada ya kuvuna, ng'ombe waliingia kula mabua na kukanyaga. Tulikuwa tumejijengea sakafu kwa mikono yetu na kwa jasho letu, tukiita kazi hiyo kulima.

Nilikuwa nimewahi kuona mashine za kupasua sakafu kama hiyo. Kabla ya ndugu yangu kumaliza shule nilifanya kibarua kwenye shamba la ngano upande wa Timau, kuokota mawe na kushona magunia, na huko hawakugeuza udongo. Walikuwa na vyuma vilivyoingia wima, vikapasua na kutoka, na juu ya ardhi mabaki ya ngano yakabaki yamelala kama mkeka. Wakati huo niliona ni mambo ya watu wenye mashamba yasiyoisha. Sasa nilitaka kujua kama yanaweza kuingia kwenye shamba la ekari chache lenye mteremko na kona mbaya.

Ndugu yangu aliuza ndama ili tupate pesa ya kukodi. Hakulalamika, ila siku hiyo hakula mchana.

Nilikwenda Nanyuki, kwenye yadi ya mzee mmoja anayekodisha trekta na vifaa vyake. Alinitembeza kama mtu anayeonyesha ng'ombe wa maonyesho. Alinipeleka kwanza kwa mashine mpya, rangi yake haijachubuka: safu mbili za visahani vyembamba, kingo zake zikiwa na mawimbi, vyote vikisimama wima.

"Hii ndiyo wakubwa wa ngano wanatumia siku hizi," alisema. "Inakata mabua, inafungua udongo kidogo, haigeuzi kitu. Ukipita nayo mara moja unapanda. Shamba inakaa maridadi."

"Inaingia chini kiasi gani?"

Alinyoosha vidole vyake vinne pamoja, akavilaza.

Nilimwonyesha mkono wangu, nikaweka kidole juu kidogo ya kifundo. "Kwangu sakafu iko hapa."

Alicheka mpaka kofia ikasogea. "Basi nikikupa hii nitakuwa nimekuibia mchana. Itakupakia shamba poda tu. Njoo huku."

Ripa, ile mashine ya kupasua niliyoiona Timau, ilikuwa nyuma ya yadi, imepata kutu kwenye fremu lakini ncha zake zinang'aa kwa kazi. Ilikuwa na miguu mitano myembamba iliyopinda mbele, kila mmoja na kucha ya chuma. Niliipenda mara moja. Mzee akaniuliza maswali. Shamba lina mteremko? Lina matuta? Kona ya mwisho trekta itageuka wapi? Nilipomweleza, akatikisa kichwa.

"Miguu mitano inataka trekta kubwa, na trekta kubwa kwa kona kama hiyo itakubomolea matuta yote. Tena uzito wake utakurudishia ile sakafu yako. Chukua ya miguu mitatu. Itaenda polepole, lakini itafika."

Ile ya miguu mitatu ilikuwa na kitu kingine nilichokitaka: mbele ya kila mguu, kisahani kimoja cha kukata, ili mabua yasijikusanye kwenye chuma na kuburutwa kama ufagio. Nilimwambia nitaacha mabua shambani.

"Utaacha?" aliuliza. "Wewe ni wa Nyeri kweli? Watu wa huko wanalisha ng'ombe hata kivuli cha hindi."

Hapo ndipo kazi ngumu ilipokuwa, na mzee wa yadi aliiona kabla yangu. Kwetu bua si takataka. Mwezi wa pili nyasi zimekwisha, na bua ndilo linalobaki kati ya ng'ombe na mifupa yake. Tena kuna desturi ambayo hakuna aliyeiandika: ukishavuna, shamba lako si lako tena. Jirani analeta ng'ombe wake, anaingia bila kubisha hodi, wanakula na kukanyaga mpaka mvua ikaribie. Mama aliishi hivyo, na sisi tuliishi hivyo.

Lakini ukipasua ardhi na kuiacha uchi, mvua ya kwanza inaipiga, udongo unajifunga upya, na maji yanateremka barabarani. Mabua yalikuwa shati la udongo ule. Na kwato za ng'ombe nisingezikubali tena.

Ndugu yangu tulibishana naye kwenye zizi, yeye akikamua, mimi nimeegemea mlango.

"Unalisha udongo, mimi nilishe nini?" alisema. "Nimeshakupa ndama. Sasa unataka na chakula cha mama yake."

"Kama shamba likienda kwa mtu wa viazi utapata bua wapi?"

"Na ng'ombe akikauka mwezi huu nitakuwa na haja gani na bua la mwaka ujao?"

Hakuna aliyekuwa na makosa, na hilo ndilo lililofanya mazungumzo yawe marefu. Mwishowe yeye ndiye aliyepata njia. Alisimama na ndoo yake, akanionyesha goti. "Kutoka hapa kwenda juu ni ya ng'ombe. Kutoka hapa kwenda chini ni ya udongo wako. Nitakata mwenyewe na panga, nibebe, hakuna ng'ombe ataingia."

Tulikubaliana hivyo. Shosho, bibi kizee wa ng'ambo ya ua, hakukubaliana na yeyote. Alikuja asubuhi na ng'ombe wake kwa kamba, kama kila mwaka, akakuta nimeweka miti miwili kwenye mwanya wa kuingilia.

"Nani amefunga?" aliuliza, ingawa mimi nilikuwa nimesimama hapo.

"Ni mimi, shosho. Mwaka huu ng'ombe hawaingii. Nitakuletea mabua nyumbani."

"Mimi si mgonjwa wa kuletewa." Alinitazama kutoka miguuni mpaka kitambaani. "Mama yako hangenifungia."

Ni kweli, asingemfungia. Nilisimama tu na mikono juu ya mti. Alimgeuza ng'ombe wake wakaenda. Jioni nilimbebea mzigo wa mabua nikauweka mlangoni pake. Hakutoka. Siku iliyofuata nilibeba tena. Alikaa muda mrefu bila kuitika salamu yangu kanisani, lakini mabua hayakuwahi kulala nje.

Dereva wa trekta alifika mwishoni mwa mwezi wa pili, udongo ukiwa mkavu kama biskuti. Alikuwa kijana mwenye maneno mengi. Alishuka, akapiga ardhi kwa kisigino, akanitazama kwa huruma.

"Mathe, hii si shamba, hii ni lami. Wacha nirudi Nanyuki, mvua ikigusa kidogo unanipigia simu. Kila mtu analima ikigusa. Wakati huo ripa inaingia kama kidole kwa ugali."

"Hicho ndicho sitaki," nilisema. "Ikiingia kama kidole kwa ugali, itaacha tundu la kidole tu. Udongo ukiwa na maji haupasuki, unakatwa na kupakwa pande zote kama unapiga plasta. Nataka ipasue sasa, ikiwa kavu, mpaka pembeni."

"Na chuma ikivunjika?"

"Tajiri wako wa yadi anajua ninailimia wapi. Nilimwambia ni kavu."

"Sawa. Mimi ni wa kuendesha tu. Lakini majirani wakicheka, usiseme ni mimi nilikushauri."

Majirani walikuwa wameshaanza. Watatu walisimama kwenye ua wakitafuna miwa. Mmoja aliita, "Unalima ama unachana nywele?" Mwingine akamjibu kwa niaba yangu, "Anachana, lakini ameacha chawa," akionyesha mabua yaliyobaki. Huku kwetu shamba safi ni shamba jekundu, limegeuzwa lote, halina hata jani. Ukiacha mabua, watu wanaona ni uvivu.

Trekta iliingia. Miguu ilishuka, ikafika kwenye sakafu, na trekta yote ikainua pua. Kisha kikasikika kishindo, bolti ya mguu wa kati ikakatika. Dereva alizima injini. Wale wa kwenye ua walipiga makofi.

Nilidhani ataondoka. Alishuka, akaiangalia bolti, akaangalia ardhi, akakuna shingo. Utani ulikuwa umemwisha, sasa alikuwa fundi.

"Hiyo bolti imewekwa ikatike kabla mguu haujavunjika, hiyo si shida, niko na zingine. Shida ni tunataka kuingia mpaka chini mara moja. Tupite mara mbili. Ya kwanza nusu, ya pili kwa mstari ule ule mpaka chini. Mafuta itaenda zaidi."

"Pita mara mbili," nilisema.

Tulipita kukata mteremko, mimi nikitembea mbele na ufito kumwonyesha mstari, ili nyufa zishike maji badala ya kuyaonyesha njia. Mara ya pili chuma kilipoingia, ardhi ilifanya jambo ambalo nilikuwa nimeliona Timau tu. Iliinuka. Mbele ya kucha udongo ulipanda kama kitu kinachopumua, ukapasuka kulia na kushoto, nyufa zikakimbia mpaka zikakutana na za mguu wa pili. Juu, mabua yalikatwa na visahani yakalala. Nilisimamisha trekta nikachomeka mtaimbo kwenye mstari. Uliteremka mpaka nikainama. Dereva aliujaribu mwenyewe, akauchomoa, akauchomeka mahali pengine.

"Ehe," alisema. Siku nzima hakunitania tena, na mimi nilianza kulikosa neno lake.

Mvua ndefu ilichelewa, kisha ikaja. Tulipanda kwa kamba, juu ya mistari ile ile ya ripa, mahindi na maharagwe, na njahi, maharagwe meusi ya kwetu, pembeni. Baada ya hapo sikuruhusu kitu kizito kupita. Hata toroli ya mbolea tuliiacha kwenye njia, tukabeba kwa ndoo.

Nisiseme ilikuwa rahisi. Plau ilikuwa imezoea kutuzikia magugu, na ripa haiziki kitu. Yaliota kwa furaha kuliko mahindi. Tulipalilia, tukamaliza upande mmoja, tukakuta upande mwingine umerudi. Kitinda mimba wetu, ambaye siku hizi anasomea mjini Nyeri, alikuja likizo akapewa jembe kabla ya chai. "Kumbe mliniita kwa mapenzi," alisema. Kuna jioni nilizokaa kwenye tuta na kujiuliza kama nimemnyima shosho malisho na kumlaza ndugu yangu njaa ili nikuze magugu.

Mwezi wa tano ukielekea kuisha, mvua ilikatika, mahindi yakiwa ndiyo kwanza yanataka kutoa mbelewele. Wiki ya kwanza watu walisema itarudi. Ya pili walianza kutazama mlima. Shamba la jirani wa juu lilikunja majani mchana, likawa kama limejaa mikuki. Letu lilikunja saa nane, na jioni likafunguka. Kila jioni nilikwenda kuangalia kama limefunguka. Sikumwambia mtu kwamba nakwenda, lakini mara nyingi nilimkuta ndugu yangu ameshafika.

Mvua ilirudi, kidogo, ikatutosha.

Baba mdogo hakungoja mwezi wa nane. Alikuja wa saba, na alikuja na mtu wa viazi. Walishuka kwenye pikapu nyeupe, nikawakuta wameshaingia kati ya mistari. Mahindi yalikuwa yamewafunika mabega.

"Mwezi wa nane haujafika," nilisema, hata kabla ya kuwasalimia.

"Ameomba kuona tu," alisema baba mdogo. Hakunitazama.

Mtu wa viazi alikuwa mpole, mwenye adabu, na alijua kazi yake. Hakugusa mahindi. Alikuwa na ufito wa chuma, mwembamba, akausimamisha kati ya mistari na kuusukuma. Uliingia mpaka ngumi yake ikagusa udongo. Alihamia upande mwingine, akasukuma, ukaingia. Alifukua kidogo, akanusa udongo, akaona mabua yaliyokwisha kuwa meusi na minyoo chini yake. Nilikuwa nimejiandaa kwa mtu ambaye angesema shamba limekufa. Kwa huyu sikuwa nimejiandaa.

"Mzee," alimwambia baba mdogo, "ile bei tuliongea, sahau. Naongeza. Na si miaka mitano. Nipe kumi. Viazi hapa itakaa kama mayai."

Kazi yote ile ilikuwa imempendezesha bibi harusi kwa ajili ya mtu mwingine. Ndugu yangu alikuwa amesimama na ndoo mkononi, akaiweka chini polepole.

Nilijua baba mdogo anapiga hesabu, kwa sababu naye ana watoto.

"Baba," nilisema, na nilimwita hivyo kwa sababu ndivyo alivyokuwa kwetu miaka hiyo yote, "ulisema mvua ikikataa. Haikukataa."

Alitembea mpaka kwenye mstari, akashika hindi moja, akalifunua kidogo kwa kucha ya dole gumba, akaona punje zimepangana mpaka nchani. Akalifunika tena vizuri, kama mtu anayemfunika mtoto aliyelala.

"Mimi nilikuonyesha shamba imechoka," alimwambia mtu wa viazi. "Hiyo ndiyo tuliongea. Hii si ile. Hii iko na wenyewe."

"Mzee, fikiria. Kumi."

"Nimefikiria nikiwa hapa. Twende nikufikishe barabarani."

Mtu wa viazi hakukasirika. Alipangusa ufito wake kwa nyasi, akaniuliza ripa ilikuwa ya miguu mingapi, nikamwambia, akashukuru. Pikapu iliondoka. Baba mdogo alirudi peke yake kwa miguu, akapita mbele yetu bila kusimama, mpaka kona ya chini ambako trekta ilipata taabu kugeuka.

"Hapa mmekosea," aliita kutoka huko. "Mistari imekata vibaya. Maji yanatoroka. Mwaka ujao mwambie dereva aanzie huku chini, apande."

"Akianzia chini hataweza kugeuka," niliita.

"Ataweza. Ageukie shambani kwangu hapa chini, nitatoa ua."

"Ukitoa ua ng'ombe wako wataingia."

"Nitawafunga!"

Niliteremka kumwonyesha mahali ambapo gurudumu lilishindwa. Tulibishana hapo kwa muda, yeye akichora kwa fimbo, mimi nikifuta kwa mguu, mpaka ndugu yangu akaokota ndoo yake akaenda kukamua.